Kura za Barabara ya Morogoro

Usiku wa Jumapili ya 25 Oktoba 2015, watu kama thelathini tulisongamana mbele ya ukuta wa darasa moja la shule ya msingi, Kimara, tukisoma karatasi. Umeme ulikuwa umekatika na simu tano sita zilimulika. Ilikuwa fomu ya matokeo ya kituo, ile ambayo msimamizi huibandika nje baada ya kuhesabu na mawakala kutia saini. Kijana mmoja alijipa kazi ya kuisoma kwa sauti: urais kwanza, halafu ubunge, halafu udiwani. Kila alipofika kwenye kura za Chadema watu waliitikia kama wako uwanja wa taifa. Pembeni alisimama mama mmoja mwenye kanga ya kijani, kanga ya chama tawala, CCM, akinakili tarakimu nyuma ya daftari la mtoto. Hakushangilia wala hakununa. Alipomaliza akatuuliza kama karatasi hiyo ndiyo itakayotuletea maji, kisha akaondoka gizani.

Tulimcheka. Nimekuwa nikimkumbuka kila uchaguzi tangu hapo.

Ubungo, jimbo letu, imezoea kusimuliwa kwa mkato. Magazeti yaliiita ngome ya upinzani, watu wa Chadema wakaichukulia kuwa mali yao, na watu wa CCM wakaiona kama jino bovu. Lakini ukifuata uchaguzi mmoja baada ya mwingine kuanzia 1995, ngome huioni. Unaona watu waliohamia pembezoni mwa jiji kujenga, wanaotoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku, wakimkopesha kura yule anayeonekana ana uwezo wa kuwafikishia barabara, maji na heshima. Akichelewa, wanakwenda kwa mwingine. Na wakati fulani, kama tutakavyoona, waliacha kuulizwa.

Miaka ya mwanzo ya Uhuru, Ubungo ilikuwa mbali. Mtu wa Kariakoo alipokwambia anakwenda Ubungo, ilikuwa kama anasafiri. Mambo mawili yaliivuta kuwa sehemu ya jiji. La kwanza ni chuo: mwaka 1964 wanafunzi waliokuwa wakisomea kwenye jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, walihamishiwa kilimani, na mahali hapo pakaitwa Mlimani hadi leo. La pili ni viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa China, kilijengwa kiwanda cha nguo cha Urafiki kando ya Barabara ya Morogoro, kikafuatiwa na kiwanda cha zana za kilimo. Wafanyakazi walihitaji pa kulala, na Manzese ikafurika vyumba vya kupanga. Upande wa pili, katika miaka ya 1970, Serikali kwa mkopo wa Benki ya Dunia ilipima viwanja vya Sinza ili watu wajijengee wenyewe kwa mpango. Kwa hiyo ndani ya mwendo wa nusu saa kwa miguu ulikuwa na profesa, fundi wa mashine ya kufuma, mpangaji wa chumba kimoja na mjenzi wa nyumba ya vyumba vitatu. Halafu kikaja kituo kikuu cha mabasi ya mikoani, na Ubungo ikawa mlango wa jiji zima. Anayetoka Moshi, Bukoba, Mbeya au Songea aliteremkia hapo, na wengi hawakuendelea mbali. Walipanga Manzese au Mabibo, wakadunduliza, wakanunua kiwanja Kimara, Mbezi au Goba, mara nyingi kwa kuandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa.

Hesabu za sensa zinaeleza kasi yake. Mwaka 1988 Dar es Salaam nzima ilikuwa na watu 1,360,850. Mwaka 2012 ilikuwa na 4,364,541. Sensa ya 2022 ilipokuja, Manispaa ya Ubungo peke yake ilikuwa na watu 1,086,912, karibu sawa na jiji zima la kizazi kimoja nyuma.

Nalitaja hili kwa sababu CCM, kama mashine ya kura, ilijengwa kwa mitaa ya namna nyingine. Nguvu yake ni shina: balozi wa nyumba kumi anayejua nani kahama, nani kafiwa, nani hajalipa kadi. Magomeni ya zamani balozi aliweza kukaa barazani na kuhesabu kura za mtaa wake kabla hazijapigwa. Kimara balozi huyo anakutana na geti. Mwenye nyumba hayupo mchana, mpangaji wake hakai mwaka, na majirani wanafahamiana kwa magari. Watu huwa wanasema Ubungo ilikwenda upinzani kwa sababu ya Wachaga waliojaa Kimara. Ni maelezo ya kijiweni. Wachaga wapo, na kila Desemba mitaa yetu hubaki kimya wakipanda mabasi ya Moshi. Lakini Manzese haijawahi kuwa ya Wachaga, na nayo ilipiga kura zilezile. Ninavyoona mimi, jambo kubwa lilikuwa geti.

Mfumo wa vyama vingi uliporudi Julai 1992, ulirudi kwa shingo upande. Tume ya Jaji Nyalali ilikuwa imezunguka nchi nzima na kukuta kwamba takriban watu wanane katika kila kumi walitaka kubaki na chama kimoja. Ilipendekeza mageuzi hata hivyo. Kwa Ubungo mageuzi hayakuhitaji kuhubiriwa sana. Mlima ulikuwa umejaa wahadhiri na wanafunzi waliokuwa wakibishana hadharani tangu enzi za Mwalimu, na mmoja wa wahadhiri hao, mwanasheria Dk. Masumbuko Lamwai, alikuwa na ulimi uliowafaa watu wa Manzese kuliko wanavyuo wenzake.

Uchaguzi wa 1995 ulikuwa wa kwanza wa ushindani, na Dar es Salaam uliharibika kabisa. Siku ya 29 Oktoba, vituoni kulikuwa na foleni lakini vifaa havikufika, au vilifika jioni, au zilifika karatasi zisizotosha. Tume ya Uchaguzi ikafuta uchaguzi katika majimbo yote saba ya mkoa na kuurudia 19 Novemba. Waliosimama juani mara ya kwanza hawakurudi wote, na vyama vya upinzani vilikuwa vimeshatuhumu kwamba mchezo umekwisha. Benjamin Mkapa akawa Rais kwa asilimia 61.8 ya kura za nchi, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi akapata 27.8. Lakini Ubungo ilimchagua Lamwai, wa NCCR. Mwaka uliofuata Mrema mwenyewe alipata kiti cha Temeke katika uchaguzi mdogo, na kwa kitambo kidogo ilionekana kana kwamba viunga vya Dar es Salaam vimekwenda moja kwa moja.

Havikwenda. NCCR ilijila yenyewe. Mrema na wenzake waligombana mahakamani na mitaani mpaka yeye akahamia chama cha TLP mwaka 1999, na Lamwai naye akarudi CCM. Ubungo ikabaki na kura iliyokopeshwa kwa chama ambacho hakipo tena.

Wakati huohuo lilikuwa likiendelea jambo ambalo wanasiasa hulisahau wakisimulia kipindi hicho: takataka. Katikati ya 1996 Serikali ilivunja Halmashauri ya Jiji, iliyokuwa imeshindwa hata kuzoa uchafu, na kuweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Waliokuwa Dar es Salaam miaka ile wanakumbuka vizuri. Mashimo yalizibwa. Taka zikaanza kuzolewa na vikundi na makampuni yaliyogawiwa kata. Tume haikuchaguliwa na mtu, na kwa mtetezi wa demokrasia hilo lilikuwa tatizo. Kwa mtu wa Manzese aliyekuwa akiruka dimbwi la maji machafu kwenda kazini, halikuwa tatizo la kwanza. Tume ilimaliza kazi mwaka 2000, jiji likagawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na Keenja akagombea ubunge wa Ubungo kwa tiketi ya CCM. Akashinda. Jimbo lililompeleka Lamwai bungeni lilimpeleka mzoa taka wa CCM miaka mitano baadaye, na wapigakura wengi walikuwa walewale.

Mwaka 2005 uchaguzi ulisogezwa kutoka Oktoba hadi 14 Desemba kwa sababu mgombea mwenza wa urais wa Chadema alifariki. Jakaya Kikwete alizoa asilimia 80 ya kura za urais, na katika mafuriko hayo Keenja alirudi bila shida. Aliyeshindwa naye Ubungo alikuwa kijana wa miaka 25 wa Chadema aliyeitwa John Mnyika. Wengi hawakulishika jina.

Miaka mitano iliyofuata ndiyo iliyobadilisha kila kitu, na haikubadilishwa na hotuba. Nyumba ziliongezeka kuliko bomba. Maji ya Dar es Salaam yanatoka Mto Ruvu, na yale ya mtambo wa Ruvu Juu hupita Kibaha, Kibamba na Mbezi mpaka kwenye matangi makubwa ya Kimara, kisha huteremka mjini. Tuliishi chini ya kivuli cha matangi na tulinunua maji kwa dumu. Nakumbuka kijana wa mkokoteni aliyekuwa akipanda kilima cha Kimara Baruti na madumu kumi na mawili ya lita 20, akiweka jiwe nyuma ya gurudumu kila alipotaka kupumzika. Mwenye pesa aliagiza boza. Asiye nazo aliamka usiku wa manane kusikiliza bomba kama linakohoa. Wizara ya Maji ilikuwa na ofisi zake palepale Ubungo, kando ya barabara, na kila aliyekwama kwenye foleni ya magari alipata muda wa kutosha wa kulisoma bango lake.

Foleni ilikuwa kero ya pili. Kimara hadi Posta, umbali ambao baadaye basi la mwendokasi lilikuja kuumaliza kwa muda usiozidi saa moja, ulikula saa mbili na nusu ndani ya daladala, umesimama, shingo imekunjwa.

Mnyika alirudi 2010 na mambo hayo mawili mdomoni. CCM ilimweka Hawa Ng'humbi baada ya Keenja kuondoka. Uchaguzi ulifanyika 31 Oktoba katika hali ya baridi: nchi nzima waliojitokeza hawakufika asilimia 43 ya walioandikishwa. Tena vyuo vikuu vilikuwa havijafunguliwa. Ufunguzi ulisogezwa hadi baada ya kura, na maelfu ya wanafunzi walioandikishwa Mlimani na kwenye hosteli za Mabibo walikuwa makwao mikoani, vitambulisho mfukoni, bila kituo cha kupigia. Chadema ililalamika sana, na ilikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo matokeo ya Ubungo yalipotangazwa, baada ya kusubiriwa hadi watu wakaanza kurusha mawe, Mnyika alikuwa na kura 66,742 dhidi ya 50,544 za Ng'humbi. Jirani, Kawe, Halima Mdee wa chama hichohicho naye alishinda. Ng'humbi alikwenda mahakamani na kesi yake ikatupwa Mei 2012.

Hapo ndipo neno ngome lilipozaliwa. Lakini angalia ukubwa wa ushindi wenyewe. Kura elfu kumi na sita, katika jimbo la watu mamia ya maelfu, na wengi hawakupiga kabisa. Ngome gani hiyo? Ilikuwa nyumba iliyopangishwa.

Mnyika aliijua hali hiyo kuliko wapambe wake. Bungeni alirudia maji hadi wenzake wakamchoka. Juni 2012 alitolewa nje ya ukumbi kwa kumwita Rais dhaifu na kukataa kufuta kauli, na Ubungo ikampenda kwa hilo. Nimekaa kwenye vibanda vya kahawa Mabibo nikasikia wazee wa CCM wakicheka kwa siri. Lakini mbunge wa upinzani hana bajeti. Anaweza kuuliza, kupiga kelele, kuitisha mkutano, na kuandika barua. Bomba likija, waziri ndiye anayekata utepe. Lisipokuja, mbunge ndiye anayeulizwa msibani.

Desemba 2014, kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa, vyama vya upinzani vilivyoungana chini ya Ukawa vilichukua mitaa mingi ya Dar es Salaam ambayo CCM haikuwahi kuipoteza. Ulikuwa uchaguzi mdogo kwa macho ya mabalozi wa nje, lakini kwetu sisi ulikuwa mkubwa. Mwenyekiti wa mtaa ndiye mwenye muhuri. Bila barua yake huuzi kiwanja, hupati dhamana polisi, na mtoto hapati mkopo wa chuo. Muhuri ulipohama chama, watu waliona kwamba kumbe unahama.

Halafu ukaja mwaka 2015, na sijaona uchaguzi mwingine kama ule. Uandikishaji wa kielektroniki Dar es Salaam ulifanyika Julai na Agosti, na watu walilala kwenye foleni, wamejifunika kanga na mabegi, kisha wakafika mbele alasiri wakaambiwa mashine imegoma. Hawakuondoka. Jimbo lilikuwa limekatwa vipande viwili: Ubungo ikabaki na kata za mjini kama Manzese, Mabibo, Sinza na Kimara, na Kibamba ikachukua za nje, Mbezi, Msigani, Saranga, Goba, Kwembe na Kibamba yenyewe. Mnyika alihamia Kibamba akapambana na Dk. Fenella Mukangara, aliyekuwa waziri. Ubungo alisimama Saed Kubenea, mwenye gazeti la MwanaHalisi, aliyemwagiwa tindikali usoni mwaka 2008 akiwa ofisini kwake; dhidi yake CCM ilimsimamisha Dk. Didas Masaburi, aliyekuwa Meya wa Jiji. Edward Lowassa, Waziri Mkuu wa zamani, alikuwa amehamia Chadema Julai na kuvuta umati ambao hata waliokuwa wakimwita fisadi miaka saba mizima walijikuta wamesimama ndani yake. Mimi nilikuwa mmoja wao, na sioni sababu ya kuficha.

Mnyika na Kubenea walishinda wote wawili. Nchi ilikwenda kwa John Magufuli, asilimia 58.5 dhidi ya karibu 40 za Lowassa. Kwa mara ya kwanza Ukawa ilikuwa na madiwani na wabunge wa kutosha kushika jiji lenyewe. Uchaguzi wa meya uliahirishwa mara kadhaa, kila mara kwa sababu mpya, hadi 22 Machi 2016 Isaya Mwita wa Chadema alipopata kura 84 dhidi ya 67 za mgombea wa CCM. Ubungo, iliyokuwa imetengwa na Kinondoni kuwa manispaa, ikampata Boniface Jacob kuwa meya wake wa kwanza. Mei mwaka huo mabasi ya mwendokasi yakaanza kutoka Kimara kwenda Kivukoni. Yalikuwa kazi ya Serikali ya CCM, yaliyopangwa miaka mingi nyuma, na yalianzia kwenye mlango wa wapinzani.

Mwaka 2017 nyumba zetu zilichorwa X.

Barabara ya Morogoro kutoka Kimara hadi Kibaha ilikuwa ipanuliwe kuwa ya njia nane, kilomita 19.2. Hifadhi yake kwa sehemu hiyo ilihesabiwa kuwa zaidi ya mita 120 kutoka katikati, kila upande, kwa sheria iliyoanzia enzi ya mkoloni. Ndani ya mita hizo kulikuwa na maduka, makanisa, misikiti, vituo vya mafuta na zaidi ya nyumba elfu moja, nyingine za ghorofa, nyingine zenye mita ya umeme na risiti za kodi ya jengo. Watu walikuwa na kesi mahakamani. Tingatinga lilikuja hivyohivyo. Jirani yangu wa Kimara Stop Over, fundi umeme mstaafu, alianza kung'oa mabati mwenyewe siku mbili kabla ili angalau yasipindwe. Alikuwa juu ya paa, mkewe chini akipokea misumari na kuinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe, mmoja mmoja, akiitia kwenye kopo la maziwa. Fidia haikuwapo.

Kuwa mkweli kunanilazimu kusema kwamba Magufuli hakuchagua nyumba za wananchi tu. Novemba mwaka huohuo aliagiza majengo ya shirika la umeme, Tanesco, na ya Wizara ya Maji pale Ubungo yabomolewe kwa sababu hiyohiyo ya hifadhi ya barabara, na wengi walishangilia. Ila alipokuwa Mwanza karibu na wakati huo, alizuia bomoabomoa na kutaja kwamba watu wa huko walimpigia kura. Maneno hayo yalifika Kimara haraka kuliko basi lolote. Kila aliyelala kwa shemeji yake kwa sababu ya X aliyasikia, na kila mmoja alirudi nyuma kuhesabu alichokifanya Oktoba 2015 kwenye kile chumba cha darasa.

Hapo mantiki ya kura ya viunga iligeuzwa juu chini. Kwa miaka ishirini mpigakura wa Ubungo ndiye aliyekuwa akimpima mgombea: umeniletea nini? Sasa yeye ndiye aliyekuwa akipimwa.

Ikafuata misimu ya "kuunga mkono juhudi". Ndivyo walivyosema wote, kwa maneno yaleyale, wabunge na madiwani wa upinzani waliojiuzulu na kurudi kugombea viti vyao kwa tiketi ya CCM. Kinondoni, Ukonga na Temeke zote ziliona wabunge wao wa upinzani wakivaa kijani mwaka 2017 na 2018. Ubungo na Kibamba hazikuyaona hayo kwa wabunge wao, ingawa madiwani walipukutika. Mwaka 2019 Chadema ilisusa uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wake kuenguliwa kwa wingi, na muhuri ukarudi ulikotoka. Mnyika akawa Katibu Mkuu wa chama chake Desemba ile na hakugombea tena Kibamba. Kubenea akahamia ACT-Wazalendo na kwenda kugombea Kinondoni.

Na aliyekuja kugombea Ubungo mwaka 2020 kwa CCM? Mhadhiri wa Mlimani. Prof. Kitila Mkumbo alikuwa miongoni mwa vichwa vya Chadema kabla ya kufukuzwa pamoja na wenzake, alishiriki kuijenga ACT-Wazalendo, kisha mwaka 2017 Magufuli akamteua kuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji, na baadaye mwaka huo akajiunga na CCM. Riwaya isingethubutu. Ubungo ilianza na mhadhiri wa Mlimani aliyetoka CCM kwenda upinzani, ikafika kwa mhadhiri wa Mlimani aliyetoka upinzani kwenda CCM, tena mwenye funguo za maji. Na maji yalikuwa yameanza kufika kweli. Mtambo wa Ruvu Juu ulikuwa umepanuliwa kutoka lita milioni 82 kwa siku hadi milioni 196, mabomba mapya yalilazwa Kimara na Mbezi, na kwenye kona ya Tanesco ilikuwa ikisimama barabara ya juu ya ghorofa tatu. Laiti kura ya Oktoba 2020 ingehesabiwa kwa namna ambayo kila upande ungeiamini, huenda tungejua kama watu wa Ubungo walikuwa wamembadilisha mkopeshwaji, kama walivyofanya kwa Keenja. Nadhani baadhi yao walikuwa tayari kufanya hivyo.

Lakini namba zilizotangazwa hazikutoa nafasi ya kuuliza. CCM ilichukua majimbo yote kumi ya mkoa. Kawe, Halima Mdee, aliyekuwa ameshinda mara mbili mfululizo, alitangaziwa kura 32,524 dhidi ya 194,833 za Askofu Josephat Gwajima. Upinzani ulisema kura feki zilikamatwa; Tume ya Uchaguzi ilikanusha. Kitila Mkumbo alishinda Ubungo. Nilikwenda kwenye ukuta uleule wa shule jioni ya siku ya kura. Karatasi ilikuwapo, na watu wa kuisoma tulikuwa wanne.

Februari 2021 Magufuli alifungua barabara ya juu ya Ubungo, iliyopewa jina la Balozi John Kijazi, na kituo kipya cha mabasi Mbezi. Wiki hiyohiyo akalivunja Jiji la Dar es Salaam kama lilivyokuwa, lile ambalo Isaya Mwita aliliongoza hadi alipong'olewa umeya mwaka uliotangulia, na hadhi ya jiji ikapewa Ilala. Machi alikuwa amefariki. Mabasi ya mikoani yalikuwa yameshaiacha Ubungo, na kituo cha zamani hakikuwa tena mlango wa wote.

Uchaguzi wa 29 Oktoba 2025 ulifika Chadema ikiwa haimo kwenye karatasi ya kura, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mchana wa siku hiyo Barabara ya Morogoro ilijaa watu ambao hawakuwa kwenye foleni ya kituo chochote. Intaneti ilizimwa, amri ya kutotoka nje kuanzia saa 12 jioni ikatangazwa, na watu waliuawa. Idadi yao bado inabishaniwa. Matokeo ya urais yalipotangazwa, Samia Suluhu Hassan alikuwa na asilimia 97.66. Vituo vya mwendokasi kando ya barabara vilikuwa vimechomwa, na kwa muda watu wa Kimara walirudi kusimama kwenye daladala, shingo imekunjwa, wakipita mbele ya vioo vilivyomwagika kwenye lami.

Usiku wa amri ile mtaa ulikuwa kimya kiasi kwamba ungesikia geti la nyumba ya tano likifungwa. Nilisikia pia tangi langu likijaa. Maji yalikuwa yanatoka, kwa nguvu, tangu saa moja.